Mkwe Nyuma ya Pazia

Nilimjua kwa kikohozi. Kabla sijaona uso, kabla jina halijatajwa, mtu alikohoa kwenye benchi nje ya pazia, mara mbili fupi na moja ndefu, na kalamu ikanikwama mkononi. Kikohozi kile nilikisikia mchana kutwa siku tulipokwenda kumposa Nerima. Kila wazee wangu wa Osukuru walipotaja ng'ombe, yule mzee alikohoa hivyo hivyo, nao wakaongeza mwingine.

Alikuwa Mangeni wa Busia, baba wa mke wangu. Yeye hakunitisha. Baba mkwe nasalimiana naye, tunakula pamoja, tunabishana mpira. Kilichonitisha ni miguu. Pazia la chumba changu halifiki sakafuni, na chini yake niliona mabuti ya mpira ya Mangeni, na kando ya mabuti hayo, ndara za buluu zenye miguu ya mwanamke. Mangeni hatembei na mwanamke mwingine. Hana ujasiri huo.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Mimi ni Omoding, Mteso. Mke wangu ni Msamia kwa baba na Mpadhola wa Mwello kwa mama, na nyumbani tunaelewana kwa Kiswahili kwa sababu kila mtu anakivunja kwa namna yake na hakuna wa kumcheka mwenzake. Makabila yetu haya matatu hubishana juu ya kila kitu isipokuwa kimoja: mwanamume na mama wa mkewe hawakutani. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatajani majina. Mimi ni kijana wa kisasa, nina cheti ukutani na hasira ya kukitetea, lakini nikimwona Ajambo, mama wa Nerima, ambaye jina lake nathubutu kulitaja hapa tu kwa kuwa hanisikii, kwa mbali barabarani naingia kwenye mihogo ya watu kama mwizi wa kuku. Mwaka jana sokoni Busia nilijitupa chini ya meza ya mitumba, muuzaji akadhani nimezimia, akanimwagia maji. Naye Ajambo alipokuja kijiji cha Mella kwenye mazishi ya mjomba wangu tukakutana njiani, aligeukia ukuta wa choo cha shule akausoma kana kwamba umeandikwa Injili, mpaka nikapita. Hatuna ugomvi. Ni heshima, na heshima yetu hukimbia.

Sasa heshima ilikuwa imekaa kwenye benchi, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema kwa sauti kubwa, "Anayefuata, karibu."

Kisha sauti ya mwanamke, bila haraka:

"Mangeni. Sauti hiyo ni ya mume wa Nerima."

"Hapana," akasema Mangeni. "Hapa ni Tororo."

"Basi mwambie mume wa Nerima wa Tororo kwamba tumekosea mlango."

Mimi ni tabibu. Siku nyingi niko Osukuru, lakini Alhamisi huja Tororo mjini kumsaidia Sista Lorine katika kliniki yake ndogo, na Alhamisi ni siku ya wanawake. Niliangalia dirisha: lina nondo. Niliangalia mlango wa nyuma: unapita chumba alimokuwa Lorine na mwanamke anayezaa mtoto wa kwanza, na alikuwa ameniambia nikitia pua huko atanikatia kitovu mimi.

Zile ndara za buluu zikasimama. Karibu nazo kikainuka kifurushi, shuka lililofungwa fundo, kishikio cha sufuria kimechomoza.

"Twende," akasema. "Mwello bado iko mbali."

Mabuti hayakusogea. Yaligeuka, vidole vikanielekea mimi.

"Daktari," Mangeni akaliambia pazia. "Mwanangu. Usitoke, lakini usinyamaze. Huyu mama anakwenda kwa kaka yake, na anasema harudi. Mimi nimeomba njia yote tupite hapa kwanza. Namuuliza kosa langu, anasema mimi sina kosa. Namuuliza kosa lake, anasema ndilo hilo analipeleka Mwello. Akitoka kwa hii benchi, mimi nimempoteza."

"Baba, mbona hamkwenda hospitali ya huko Busia?"

Ajambo alimjibu yeye, si mimi. "Mwambie Busia nikipiga chafya, Kevina wa kibanda cha pili anatangaza sokoni nina kifua kikuu. Nilisema nipelekwe mahali ambapo hakuna anayenijua."

Walikuwa wamekimbia macho ya soko zima, wakavuka wilaya, wakaniangukia mimi.

"Sista atafika," nikasema. "Mngoje kidogo."

Kutoka chumba cha nyuma tukamsikia Lorine: "Bado, mama. Nimesema bado. Mimi na wewe na huyu mtoto tutalala hapa." Ndara zikapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Mimi nitakuwa mdomo," akasema Mangeni haraka. "Yeye anauliza mimi, mimi nauliza wewe. Wewe unajibu mimi, mimi namjibu yeye. Hapo nani ameongea na mkwe?"

Ajambo akaipima sheria hiyo. Ajambo ni mtu wa sheria. Anauza dagaa, tunaowaita mukene upande huu wa Uganda na omena upande ule wa Kenya, na mikebe yake ya kupimia haijawahi kubonyezwa chini ili kumpunja mtu.

"Neno likipita kwa mtu wa tatu," akasema hatimaye, "aibu yake inabaki kwa huyo wa tatu."

"Ibaki."

"Usije ukalia njiani kwamba ni nzito."

Akakaa. Kifurushi hakukiweka chini, alikipakata. Mangeni akabaki amesimama kati ya benchi na pazia, na hivyo ndivyo tulivyoanza, watu watatu katika nafasi isiyomtosha mbuzi kugeuka, kila mmoja akimsikia mwenzake mpaka pumzi, na hakuna aliyeruhusiwa kuwa amesikia.

"Muulize umri wake," nikasema.

"Anauliza umri wako."

"Mwambie arobaini na saba, na aandike vizuri, asinizeeshe."

"Arobaini na saba," akasema Mangeni. "Mengine ni salamu."

"Muulize hedhi yake ikoje siku hizi."

Mabuti yakakanyagana. Mangeni alikohoa kile kikohozi cha ng'ombe. "Anauliza," akaanza. "Anauliza zile... mambo ya kina mama, zinaendeleaje."

"Mambo gani?"

"Wewe unajua."

"Mimi najua. Wewe ndiye mdomo, liseme."

Akalisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kuiba kanisani. Ajambo akamjibu kama anayeeleza bei ya chumvi: inakuja inapotaka, miezi miwili haipo, kisha inarudi kwa hasira kama mdeni aliyetukanwa. Kevina alipoona haipo alitangaza ni mimba. Ilipoonekana tumbo halikui akatangaza ni uchawi.

"Anasema inakuja na kwenda," Mangeni akanifikishia, na nilisikia anajifuta jasho.

"Na joto? Linamshika ghafla, hasa usiku?"

Hapo Mangeni hakungoja kuuliza. "Hilo najibu mimi. Usiku anatupa blanketi, anafungua mlango, anasimama uani kama askari. Nilisema ni malaria. Tulipima, hakuna. Nikanunua dawa ya malaria."

"Mlipima hakuna, ukanunua dawa?"

"Mashine inaweza kuwa haijui malaria ya Busia."

Niliuma ulimi. Kwetu homa ni malaria, uchovu ni malaria, na mtu akifeli mtihani kuna bibi atakayesema apewe dawa ya malaria kwanza. Ningekuwa na mgonjwa mwingine ningefoka. Mbele ya baba mkwe hasira yangu hukaa kitako na kukunja mikono.

"Muulize hasira," nikasema.

"Anauliza kama una hasira."

"Mwambie nikikusikia unatafuna, natamani kukupiga mwiko. Hukosei kitu. Unatafuna tu kama siku zote. Lakini nasikia kila punje ya mahindi ikivunjika, na nauangalia mwiko."

Mangeni akaligeukia pazia. "Anasema anakasirika kidogo."

"Baba, nimesikia mwiko."

"Hukusikia kitu. Mdomo ni mimi."

"Basi mdomo useme mwiko."

"Mwiko," akasema Mangeni kwa uchungu.

Nikacheka, kwa siri, nimeziba mdomo kwa koti. Nilidhani na yeye atacheka, kwa maana Ajambo ndiye aliyejulikana soko zima kwa ulimi wake. Wateja walikuwa wakivuka kutoka upande wa Kenya kununua dagaa kidogo na matusi mengi. Nerima huniambia alijifunza kuzungumza kwa kusikia mama yake akimchambua Kevina. Lakini nje ya pazia hakukuwa na kicheko. Alikuwa ameeleza habari ya mwiko kama mtu anayesoma tangazo la kifo.

"Muulize siku yake ikoje. Asubuhi mpaka jioni."

Mangeni akauliza. Safari hii jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa na maneno mengi kuliko yote.

"Mwambie naamka kabla ya jogoo, si kwa sababu nina kazi, usingizi umeniacha. Nakwenda sokoni. Nakaa. Kevina ananichokoza, natafuta jibu, nalikuta pale linapokaa siku zote, lakini nasikia uvivu kuliinua. Mteja anauliza bei, namwangalia. Mwingine amechukua mkebe mzima akaondoka, nilimwona, sikumwita. Chakula kama karatasi. Wiki iliyopita redio ilitangaza sabuni, nikalia. Sabuni, Mangeni. Mwambie nilikuwa na shangazi Mwello, dada wa baba. Alipofika umri huu alikaa kando ya ghala na hakusema tena, na watoto walikuwa wakimrushia mbegu za parachichi. Mimi sitaki Nerima na mdogo wake Paddy wanione kando ya ghala. Ndiyo maana nakwenda. Nikakae kando ya lile lile, ambako wamekwisha kuzoea."

Mabuti yalikuwa yametulia kabisa. Kila neno lilikuwa limenifikia, na nilijua nililosikia. Lakini nilipaswa kungoja, kwa hiyo nikangoja.

"Anasema," akasema Mangeni, "anasema halali. Na sokoni hajibu. Na chakula ni karatasi. Na sabuni. Na shangazi." Mabuti yakaligeukia benchi. "Mimi nilidhani amenichoka. Ndugu zangu waliniambia mwanamke asiyejibu amepata mwingine. Nikanyamaza na mimi, nimwonyeshe kwamba naweza."

"Hilo la mwisho sikusema mimi," akasema Ajambo.

"Hilo nasema mimi."

Kulikuwa na swali moja ambalo kila tabibu analijua, na huliuliza waziwazi, kwa maana kuliuliza hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo. Nimewauliza watu wengi bila kutikisika. Siku ile nililianza mara mbili.

"Baba. Muulize kama huwa anafikiria kufa, au kwamba ingekuwa afadhali asiwepo."

"Hilo haliulizwi mke."

"Linaulizwa mgonjwa."

"Mimi sina mgonjwa hapa, nina mke."

"Baba, uliza."

Aliuliza. Aliuliza vibaya, kwa maneno ya kuzunguka boma, lakini alifika. Chumba cha nyuma nacho kilinyamaza, nafikiri yule mwanamke alikuwa akivuta pumzi kati ya uchungu na uchungu.

"Mwambie," akasema Ajambo, "kuna siku navuka barabara ya malori na siangalii. Si kwamba nataka linigonge. Ni kwamba sioni sababu ya kugeuza shingo."

Sasa jueni kazi ya Mangeni. Malori yakifika mpakani kutoka Kenya yanapanga foleni, naye ni mmoja wa wale wenye filimbi na fulana ya kijani wanaoyapanga: wewe nyuma, wewe songa, wewe zima injini. Barabara ile ni yake. Ameifanyia kazi tangu Nerima akiwa mgongoni.

Mabuti yakaligeukia pazia. Kisha:

"Anasema hapana."

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pazia, nimelishika, ngumi imejaa kitambaa. Mimi si mtu wa kudanganywa. Nikiwa shuleni nilifukuzwa darasani kwa kumwambia mwalimu amekosea, na alikuwa amekosea. Lakini niliona zile ndara chini, jinsi vidole vyake vilivyokunjamana mkono wangu ulipotikisa kitambaa, nikajua: nikilivuta, aibu itamnyanyua, atatoka na kifurushi chake, na Mwello itampokea kama anavyotaka yeye. Nikiliacha na kukubali "hapana" ile, nimemwandikia panadoli mtu anayetembea kati ya malori.

Nikaachia pazia. Nikakaa.

"Baba, sikupata jibu."

"Nimesema hapana."

"Nimesikia ulivyosema. Nangoja jibu. Mimi niko hapa mpaka Sista afunge mlango, na usiku akifunga nitabaki ndani."

Kikohozi. Mabuti yakasogea, si kuelekea mlangoni, wala kwangu. Yakarudi nyuma, na benchi ikalia. Alikuwa ameketi kando yake.

"Anasema haangalii malori," akasema Mangeni. Sauti yake ilikuwa imetoka mahali pengine. "Anavuka na haangalii. Na ni mimi nayapanga, Omoding. Ni mimi natoa ishara yapite."

Kisha nikamsikia Ajambo, polepole:

"Sasa umesema sawa."

Nilichukua muda kuandika, ingawa sikuwa na kitu cha kuandika. Nilipoanza tena sikumtuma Mangeni aulize. Nilimwambia asikilize, kisha amwambie mama maneno yangu kwa maneno yake.

"Kichwani mwa mtu," nikasema, "kuna malori. Moja limebeba usingizi, moja limebeba hamu ya kula, moja hamu ya kumjibu Kevina. Sisi wa hospitali shehena ile tunaiita kwa majina, moja ni serotonini. Malori yapo, hayajaibiwa. Lakini yanahitaji mtu wa kuyapanga ili yapite. Kwa mwanamke, mmoja wa wanaoyapanga ni homoni inayoitwa estrojeni. Huyo ndiye Mangeni wa kichwani."

"Mimi?"

"Wewe. Umri huu, kabla hedhi haijakoma kabisa, miaka kadhaa kabla, huyo Mangeni wa kichwani anaanza vituko. Leo haji kazini. Kesho anakuja na wenzake watatu, wote wanapuliza filimbi. Keshokutwa hayupo."

"Mimi sijawahi kukosa kazini," akasema Mangeni, na nilisikia ameumia kweli.

"Ninasema wa kichwani, Baba."

"Huyo angefukuzwa."

"Hafukuzwi, anazeeka. Na shida kubwa si kuzeeka, shida ni kutokutabirika. Siku zote foleni ilimzoea. Wanawake wengine wanapita hapo na joto tu na hasira kidogo. Wengine malori yanakwama kabisa, na hiyo inaitwa sonona. Ni ugonjwa kama pumu ilivyo ugonjwa. Muulize kitu kimoja: alipomzaa Paddy, kitinda mimba, alikuwaje?"

Mangeni akaanza kumweleza. Alimweleza kwa muda mrefu kuliko nilivyoeleza mimi, akaongeza dereva wa Kisomali aliyelala kwenye usukani, akaongeza mvua, akaongeza lori la vigae lililoanguka ubavu, na kwa kweli alieleza vizuri kuliko kitabu changu. Mwisho akakumbuka swali.

"Paddy," akasema Ajambo. "Alipozaliwa nililia mpaka maziwa yakakauka. Mama yako ndiye aliyemnywesha kwa kikombe. Mlisema ni uchovu."

"Tulisema ni malaria," akasema Mangeni.

"Basi ni yule yule wa filimbi," nikasema. "Wakati ule pia homoni zilishuka ghafla. Aliyewahi kukwama pale, rahisi kukwama hapa. Si tabia yake. Si laana ya ghala."

"Muulize," akasema Ajambo, na kwa mara ya kwanza hakungoja swali langu. "Muulize shangazi yangu naye alikuwa hivyo?"

"Mwambie sikumwona, siwezi kumsemea. Lakini inaweza kuwa. Na hakuwa na mtu wa kumuuliza."

Akawaza. Nikaona kidole kikubwa cha mguu kikichora sakafu.

"Na dawa ya ugonjwa huo, ni ya vichaa?"

"Mwambie ni ya kuyasaidia malori yasonge wakati huyo wa filimbi hayupo. Kidonge kimoja kila siku. Siku za kwanza tumbo litachafuka kidogo, na hataona tofauti upesi, wiki kadhaa zitapita. Asikiache kwa sababu hakioni kikifanya kazi, wala asikiache kwa sababu amepata nafuu. Kinaweza kupunguza na lile joto. Sista akimaliza atampima presha na kuchukua damu, tujue kama hana upungufu, na kama tezi ya shingoni ni nzima, maana nayo huiga haya yote. Na jambo moja si dawa: asikae peke yake. Mpaka malori yaanze kusonga, lazima kuwe na mtu anayejua yale aliyoyasema leo."

"Umesikia," Mangeni akamwambia. "Tunarudi Busia."

"Kufanya nini? Wewe uko barabarani toka asubuhi. Paddy yuko bweni. Nitakaa na nani, na Kevina?"

Mimi nilikuwa na jibu, kali, nimelishika mkononi kama jiwe: kwamba agizo ni agizo, kwamba mgonjwa huenda anakoambiwa. Nilitaka arudi Busia. Nilikuwa nimeanza kuiona Mwello kama adui.

"Muulize huyo kijana," akasema Ajambo, "Mwello ina ubaya gani. Mke wa kaka yangu, Awor, anashinda nyumbani anasuka mikeka, na anaongea mpaka akiwa amelala. Nikikaa naye hata nikitaka kufikiria kitu kibaya sitapata nafasi."

Mangeni akaniuliza, na swali lilipopita kwake nikalisikia upya. Ubaya wa Mwello haukuwa Mwello.

"Mwambie haina ubaya," nikasema. "Ubaya ulikuwa kwenda kwa kutorudi. Aende akae na Awor, na Awor aambiwe yote, hata lile la malori. Na nimwone tena hapa. Mimi au Sista."

"Atakuja," akasema Mangeni. "Kwa sababu mimi nakwenda naye."

"Wewe una malori," akasema mkewe.

"Malori yana madereva. Yakigongana, watajua leo kwamba kulikuwa na mtu."

"Utalala wapi? Mama yangu yuko pale pale bomani. Huwezi kulala kwenye boma la mkweo."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Baba mkwe wangu naye ana mama mkwe, bibi kizee mwenye macho makali kuliko ya kipanga, na nimesikia kwamba katika harusi yetu Mangeni alikaa nyuma ya tangi la maji kutwa nzima kwa ajili yake.

"Nitalala kwa jirani. Nitalala kwenye mihogo. Asubuhi nakuja mpaka uani nauliza umeamkaje, nakaa nyuma ya nyumba, mchana nauliza tena."

"Ukimkuta mama kisimani?"

"Nitakimbia. Nimezoea. Lakini nitakimbia hapo hapo, si Busia."

Kwenye benchi kukatoka mlio mdogo, sijui kama ulikuwa kicheko, sikuona uso. Kile kifurushi kikashuka kutoka mapajani kikakaa sakafuni. Katika chumba cha nyuma kukapasuka kilio cha mtoto, na Lorine akatoka ameshika kiuno, akatukuta, kama alivyonisimulia baadaye: mimi nimelowa jasho nyuma ya pazia, mzee wa mabuti ameshika mkono wa mkewe na anautazama kama kitu alichokiokota.

"Nani mgonjwa hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema Ajambo, akaingia kupimwa presha kwa mlango wa pili, usiopitia kwangu.

Walirudi mvua zilipokuwa zimeshika. Safari hii Lorine alikuwa na nafasi, akamwalika Ajambo ndani. Ajambo akakataa.

"Sista ni mzuri, lakini ananitazama," akamwambia Mangeni. "Nipeleke kwa yule asiyeruhusiwa."

Wakakaa kwenye benchi. Mdomo wa Mangeni ulikuwa umekomaa kazini. Hakupunguza tena neno, alileta kila kitu pamoja na sauti yake, hata pale mkewe aliposema kidonge kinamfanya apige miayo kama fisi, Mangeni alipiga mwayo.

"Na malori?" nikauliza.

"Anauliza malori."

"Mwambie juzi tulipita Busia kuangalia kibanda changu. Nilifika ukingoni mwa barabara, nikageuza shingo. Kulia, na kushoto."

"Aligeuza," akasema Mangeni. "Halafu akanivuta shati, akasema mjinga wewe, kuna lori."

"Sikusema mjinga."

"Ulisema."

"Nilisema mpumbavu. Mwambie sawasawa, anaandika."

Niliandika. Nikauliza usingizi: nusu usiku analala, nusu anamsikiliza Awor. Nikauliza kibanda: Kevina alimtunzia, na kwa muda wote ule aliuza dagaa wa mwenzake kwa bei ya hasara, na Ajambo ana maneno anayoyaandaa, lakini bado hajayatoa, anasema siku nyingine anayaona yamekamilika na siku nyingine yanamchosha kabla hajayafikia. Nikasema dawa iendelee, na kwamba siku za uchovu zitakuwapo, asizihesabu kuwa kushindwa.

"Na joto?"

Mangeni hakumgeukia mkewe.

"Mlango bado unafunguliwa usiku, nauona kutoka kwa jirani," akasema. "Mimi nimenunua blanketi yangu peke yangu."